Makabati ya pembeni: tathmini ya ukumbi wa vikombe, Hockey Hall of Fame, Toronto

Nimekwisha kuingia Hockey Hall of Fame, makumbusho ya hoki ya barafuni ambayo pia huwaingiza wachezaji bora katika orodha yake ya heshima, mara tatu tangu nihamie Toronto, na kila mara nimeshuhudia jambo lile lile: wageni hupanga foleni mbele ya Kombe la Stanley, lile la timu bingwa, ili wapigwe picha, kisha huenda zao kwenye sehemu ya michezo, wakiyapita makabati ya kioo yaliyo pembeni kana kwamba ni samani za ukumbi. Tathmini hii inahusu makabati hayo. Humo mna vikombe ambavyo NHL, ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, huwatunuku wachezaji mmoja mmoja kila msimu unapomalizika, na kwa mtu ambaye starehe yake ni kubishania nani alistahili na nani alibebwa, sijapata kuona mahali panapolipa kiingilio chake vizuri kuliko hapo.

Jengo liko pembe ya barabara za Yonge na Front, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya Union. Mlango wa wageni uko chini, ndani ya jumba la ofisi na maduka liitwalo Brookfield Place, kwa hiyo anayetafuta lango kubwa upande wa barabarani atazunguka bure. Ukumbi wa vikombe ulikuwa tawi la Bank of Montreal lililojengwa mwaka 1885, miaka 32 kabla ya NHL yenyewe kuundwa, na juu yake kuna kuba la vioo vya rangi ambalo humlazimisha hata mtu mwenye haraka ainue kichwa. Chumba cha chuma kilichokuwa kikihifadhi fedha za wateja sasa kinahifadhi fedha ya namna nyingine: lile bakuli la asili ambalo Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada, alilitoa mwaka 1892. Kuingia humo ni kama kuingia nyumba ya ibada, sauti hushuka yenyewe. Yetu haikushuka kwa muda mrefu.

Safari hii niliandamana na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ameishi Edmonton muda wa kutosha kuamini kwamba mchezo huu ulianzia huko. Mimi nilibeba daftari dogo lenye matokeo ya kura za miaka kadhaa, na ninamshauri kila mgeni afanye hivyo, kwa sababu kombe hubeba jina la mshindi peke yake. Aliyeshindwa kwa tofauti ndogo na aliyeshindwa vibaya wote hawamo, ilhali ubishi wote unaishi kwa hao wasiomo.

Msomaji ambaye hajaufuata mchezo huu aelewe jambo moja kabla hatujaenda mbali. Tuzo za hoki ya barafuni ziko za aina mbili. Ziko zinazohesabiwa, kama vile Art Ross kwa mwenye pointi nyingi zaidi, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja, na Maurice Richard kwa mfungaji bora, ambayo ni sawa na kiatu cha dhahabu cha kandanda. Mbele ya makabati hayo hakuna la kusema. Mtu husoma majina na kupita. Ziko pia zinazopigiwa kura, na hapo ndipo tuliposimama kwa karibu saa mbili, hata familia moja iliyokuwa nyuma yetu ikaamua kutupita.

Kubwa kati ya hizo ni Hart, ambayo imetolewa tangu mwaka 1924 na jina lake linatokana na daktari David Hart aliyelitoa kombe la kwanza. Watangazaji wetu wakiitaja kwa Kiswahili huiita tuzo ya mchezaji bora wa msimu, na tafsiri hiyo, ingawa ni rahisi mdomoni, hufukia mzozo wote. Masharti yake hayasemi mchezaji bora. Yanasema mchezaji aliyeamuliwa kuwa na thamani kubwa zaidi kwa timu yake. Mchezaji bora, kwa maoni ya wachezaji wenzake, hupewa kombe jingine, liitwalo Ted Lindsay, ambalo mpaka mwaka 2010 lilikuwa na jina la Lester B. Pearson. Kwa hiyo waandishi wa habari hupiga kura juu ya thamani, wachezaji hupiga kura juu ya ubora, na mara nyingi makundi hayo mawili hutoka na majina tofauti bila upande wowote kuwa umekosea.

Nilimwonyesha shemeji mwaka 1989, akacheka kabla sijafungua kinywa, kwa sababu alijua ninakoelekea. Msimu huo Mario Lemieux wa Pittsburgh alipata pointi 199, yaani mabao 85 na pasi 114, kiwango ambacho mpaka leo hakuna mchezaji mwingine aliyekifikia isipokuwa Wayne Gretzky. Gretzky mwenyewe, aliyekuwa ameuzwa kutoka Edmonton kwenda Los Angeles kiangazi kilichotangulia, alipata 168. Hart akapewa Gretzky. Wachezaji nao hawakumchagua yeyote kati ya hao wawili. Walimchagua Steve Yzerman wa Detroit, aliyekuwa na pointi 155. Watu watatu, makombe matatu (Lemieux alibaki na Art Ross), msimu mmoja.

"Shemeji, timu ya Los Angeles ilikuwa na pointi 68 kwenye msimamo kabla hajafika, akaifikisha 91," akaniambia. "Sasa thamani ni nini kama si hiyo?"

Hoja yake si dhaifu, na ninaikubali kama hoja. Nisichoweza kukikubali ni jinsi inavyokaa pamoja na mwaka uliotangulia. Mwaka 1988 Lemieux alipewa Hart akiwa na pointi 168, idadi ile ile ambayo Gretzky aliipata mwaka uliofuata, huku Pittsburgh ikishindwa kabisa kuingia hatua ya mtoano. Mwaka 1989 akaongeza pointi 31, akaipeleka timu kwenye mtoano, akahusika katika zaidi ya nusu ya mabao yake yote, kisha akanyimwa. Kama kipimo ni thamani kwa timu, sioni kilichopungua. Ninachoona ni wapiga kura waliovutiwa na kisa kizuri cha nyota aliyehamia mji usio na theluji na kuufanya uupende mchezo wa barafu.

Kutoka hapo tulifika kwenye suala ambalo mimi nalihesabu kuwa moyo wa ubishi wote wa Hart: je, mchezaji ambaye timu yake haikuingia mtoano anaweza kuwa na thamani kuliko wote? Masharti hayasemi lolote juu ya mtoano. Desturi ndiyo inayosema, nayo husema kwa sauti tofauti kila mwaka. Mwaka 1954 Hart ilikwenda kwa Al Rollins, kipa wa Chicago, timu iliyoshika mkia na kushinda mechi 12 tu kati ya 70. Waandishi wa wakati huo waliona kwamba bila yeye hata hizo 12 zisingepatikana, wakampa. Miaka 64 baadaye, mwaka 2018, Connor McDavid alikuwa na pointi 108, nyingi kuliko mchezaji yeyote, na wachezaji wenzake wakampa Ted Lindsay, lakini waandishi walimweka nafasi ya tano kwa Hart kwa kuwa Edmonton haikufuzu. Shemeji hajapona jeraha hilo. Aliyeshinda ni Taylor Hall wa New Jersey, mwenye pointi 93 wakati aliyemfuata ndani ya timu yake alikuwa na 52, na hapo, kwa bahati mbaya ya undugu wetu, mimi nipo upande wa waandishi: pengo la pointi 41 kati ya mchezaji na mwenzake wa karibu ni kipimo cha thamani kwa timu ambacho mtu anaweza kukigusa kwa mkono. Ningempa Hall hata kama New Jersey nayo ingebaki nje.

Lakini mwaka unaonigusa zaidi ni 2002. Jarome Iginla wa Calgary, ambaye baba yake alitoka Nigeria, aliongoza ligi kwa mabao akiwa na 52 na kwa pointi akiwa na 96. Kipa José Theodore wa Montreal alikuwa na msimu wa ajabu na aliifikisha timu dhaifu kwenye mtoano. Kura za waandishi huhesabiwa kwa alama, 10 kwa nafasi ya kwanza, kisha 7, 5, 3 na 1, na zilipojumlishwa kila mmoja wao alikuwa na alama 434. Sare kamili. Theodore akapewa kombe kwa kuwa na kura nyingi zaidi za nafasi ya kwanza. Wachezaji, kwa upande wao, walimpa Iginla tuzo yao. Calgary haikuwa imefuzu, na kila nikiyatazama matokeo hayo hujiuliza ni wapiga kura wangapi waliomshusha Iginla nafasi moja au mbili kwa sababu ya sharti ambalo halikuandikwa popote. Sisemi Theodore aliiba. Nasema kwamba katika sare ya 434 kwa 434, sharti la kubuni lina uzito wa kutosha kuamua.

Mchezaji wa Kiafrika, au mwenye asili ya Kiafrika, ni nadra katika mchezo huu kiasi kwamba mtu wa kwetu hutafuta majina hayo bila kukusudia. Katika ukumbi huo huo yamo: Grant Fuhr, kipa wa Edmonton, aliyeingizwa mwaka 2003, Willie O'Ree, mchezaji mweusi wa kwanza katika NHL, aliyeingizwa 2018, na Iginla mwenyewe, wa kundi la 2020. Nilisimama mbele ya jina lake muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya Kombe la Stanley.

Turudi kwa makipa, maana hapo pana hoja ambayo wachache huifuata mpaka mwisho. Ikiwa neno la maana ni thamani kwa timu, basi kipa ndiye angelishinda karibu kila mwaka, kwani hakuna mchezaji mwingine anayekaa barafuni dakika zote sitini na ambaye kosa lake moja huonekana kwenye ubao wa matokeo papo hapo. Hata hivyo makipa waliopata Hart ni wanane tu kwa zaidi ya karne nzima, na Dominik Hašek peke yake ndiye aliyeipata mara mbili, 1997 na 1998. Waandishi wengi huona kwamba makipa wana kombe lao, Vezina, ambalo hupigiwa kura na mameneja wakuu wa timu, na kwamba inatosha. Mimi huona kisingizio hicho ni cha uvivu, maana mabeki nao wana Norris na wafungaji wana lao.

Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2025, Connor Hellebuyck wa Winnipeg alipochukua Hart na Vezina kwa pamoja, kipa wa kwanza kupata Hart tangu Carey Price mwaka 2015. Alishinda mechi 47, alimaliza mechi nane bila kufungwa, na timu yake iliongoza ligi nzima. Shemeji alikuwa na mtu wake, kama kawaida: Leon Draisaitl wa Edmonton, aliyefunga mabao 52 na kuwaacha wengine wote nyuma. Akaongeza kwamba Hellebuyck alitolewa golini mara tatu katika raundi ya kwanza ya mtoano dhidi ya St. Louis. Ni kweli, lakini haihusu. Kura za Hart hukusanywa msimu wa kawaida unapokwisha, kabla ya mechi ya kwanza ya mtoano, na aibu ya mwezi wa nne au wa tano haiwezi kurudi nyuma kufuta kazi ya miezi sita. Hapa naona utaratibu uko sawa, na anayetaka kupima mtoano anacho kipimo chake, ambacho nitakifikia.

Tangu mwaka 2018 chama cha waandishi hutangaza hadharani kura ya kila mwanachama baada ya tuzo kutolewa, na sijui mageuzi mengine yaliyoufaa mchezo huu kuliko hayo. Mwaka 2021 McDavid alipata kura zote za nafasi ya kwanza, jambo ambalo kabla yake lilikuwa limempata Gretzky peke yake, mwaka 1982. Mwaka 2023, akiwa na pointi 153, alizipata zote isipokuwa moja, na aliyemnyima kura hiyo alilazimika kujieleza mbele ya watu. Mpiga kura anayejua kwamba jina lake litasomwa hufikiri mara mbili. Mameneja wanaochagua Vezina na watangazaji wanaochagua kocha bora wangeweza kuiga.

Makabati mengine niyapitie kwa haraka zaidi, ingawa si kwa sababu hayana utamu. Norris, kwa beki mwenye uwezo mkubwa wa pande zote, ina tatizo lake katika maneno hayo ya mwisho: mwaka 2023 ilikwenda kwa Erik Karlsson wa San Jose, beki wa kwanza kufikisha pointi 100 tangu Brian Leetch mwaka 1992, lakini ambaye timu yake ilifungwa mno yeye akiwa barafuni. Uwezo wa pande zote huo? Mimi ningempa mwingine, na shemeji, kwa mara ya kwanza siku hiyo, aliafiki. Calder, kwa mchezaji mgeni wa ligi, ndiyo yenye kisa kinachomchekesha kila mtu: mwaka 1990 ilichukuliwa na Sergei Makarov, Mrusi mwenye umri wa miaka 31 aliyekuwa amekwisha kushinda kila kitu na timu ya taifa ya Kisovieti. Ligi ikaweka kikomo cha umri mara baada ya hapo. Lady Byng, ya uungwana mchezoni, Frank Boucher aliishinda mara saba hata akapewa kombe lenyewe alihifadhi nyumbani na likatengenezwa jingine.

Conn Smythe ndiyo niliyoiahidi hapo juu. Hii hupimwa kwa mtoano peke yake, na kwa kawaida huangukia timu iliyotwaa ubingwa, lakini mwaka 2024 alipewa McDavid ingawa Edmonton ilipoteza mechi ya saba ya fainali mbele ya Florida kwa mabao 2 kwa 1. Alikuwa na pointi 42 katika mtoano ule. Wachezaji walioipata wakiwa upande wa walioshindwa ni sita tu tangu ianze kutolewa mwaka 1965. McDavid hakurudi barafuni kulipokea kombe hilo usiku ule, na nilipomwuliza shemeji kama alistahili, alinyamaza kidogo, akasema alistahili, kisha akasema angelilibadilisha na bao moja.

Kuhusu sehemu zilizobaki sina mengi. Kuna mahali ambapo mtu huvurumisha kile kisahani cheusi kumlenga kipa wa kwenye skrini, kuna mfano wa chumba cha kubadilishia nguo cha Montreal Canadiens, na kuna kibanda cha kutangaza mechi kwa sauti yako mwenyewe, ambamo nilitangaza bao moja kwa Kiswahili kwa raha kubwa. Watoto watakaa huko kutwa. Mwenye watoto na mwenye kupenda ubishi wagawane kazi mapema.

Anayekwenda hasa kwa ajili ya picha na Kombe la Stanley ajue kwamba kiangazi kombe hilo husafiri, maana kila mchezaji wa timu bingwa hupewa siku yake ya kukaa nalo, na nafasi yake ukumbini hushikwa na nakala. Makabati ya pembeni ni nafuu kwa hilo. Apange saa tatu kwa jumla, na angalau moja iwe ya kabati la Hart peke yake. Avae viatu vyepesi, kwani ubishi wa kusimama huchosha miguu kuliko matembezi. Na akiwa na shemeji kutoka Edmonton asimalizie kwa mwaka 1989, kama nilivyofanya mimi kwa kuurudia mlangoni. Tulikosa treni mbili pale Union, na hata ya tatu tuliipanda yeye akiwa bado anahesabu zile pointi 23 za Los Angeles kwa vidole.